Mke anapokea posho ya mtoto, mume anadaiwa kodi: ile tozo ya Uingereza ni kitu gani hasa

Shemeji yangu yuko Uingereza miaka mingi, watoto wawili, na mkewe alikuwa anaingiziwa £173.20 kila baada ya wiki 4, hela ya nepi na viatu vya shule, hakuna aliyeiwaza sana. Siku moja ikaja barua ya kodi, na barua haikuandikwa jina la mke, iliandikwa jina la mume, anadaiwa kwa ajili ya hela ambayo akaunti yake haijawahi hata kuiona. Akanipigia moto umemwakia, "sasa mimi nimekula nini hapo?"

Basi ndo jinsi ilivyo. Posho yenyewe ni Child Benefit, na kwa mwaka wa kodi 2025/26 (Aprili hadi Aprili) mtoto wa kwanza alikuwa analipiwa £26.05 kwa wiki na kila anayemfuata £17.25, kwa hiyo watoto wawili ilikuwa kama £2,251 kwa mwaka. Zamani kila mzazi alipata sawa, awe na hela asiwe nazo. Tarehe 7 Januari 2013, George Osborne akiwa waziri wa fedha, ikaanza sheria kwamba wenye kipato kikubwa wairudishe, ila hawakuifuta posho, wao waliiacha iendelee kutoka kama kawaida halafu wakaweka kodi pembeni ya kuila. Hiyo kodi ndo inaitwa High Income Child Benefit Charge. Yaani mkono mmoja unampa mama, mkono mwingine unaenda kuchukua mfukoni kwa baba, au kinyume chake kama mama ndo mwenye mshahara mnene.

Mstari wa kipato cha mwaka ulianzia £50,000 na ukakaa hapohapo miaka 11 huku mishahara na bei za vitu zinapanda, matokeo yake watu ambao wala hawajioni matajiri wakajikuta wameingia. Aprili 2024 ndo ukasogezwa hadi £60,000. Hesabu ya sasa: kila £200 unayozidisha juu ya 60,000 unarudisha asilimia 1 ya posho, ukifika 80,000 umerudisha yote. Shemeji mshahara wake ni 61,000, lakini ukijumlisha bonasi, ovataimu na faida ya nyumba anayopangisha anafika 68,000, na watu wengi wanasahau hapa, wanaangalia mshahara tu. Amezidi kwa 8,000, gawa kwa 200 ni 40, kwa hiyo asilimia 40 ya £2,251, kama £900. Si hela ndogo hiyo kama hukuitenga.

Kituko kiko hapa sasa. Wanaangalia kipato cha mtu mmoja, yule mwenye kikubwa kati yenu wawili, hawajumlishi nyumba nzima. Mke 59,000 na mume 59,000, nyumba inaingiza 118,000 na hawarudishi hata senti, wakati jirani yao anayefanya kazi peke yake kwa 80,000 anairudisha yote. Mimi naona si haki hata kidogo. Serikali ya kina Jeremy Hunt, aliyekuwa waziri wa fedha, ilisema itahamia kwenye kipato cha kaya, ikaja serikali nyingine na bajeti ya Oktoba 2024 ikalitupa hilo wazo. Na usijitetee kwamba hamjafunga ndoa, mkiishi pamoja kama mke na mume mnahesabiwa, na hata kama watoto si wako, umewakuta na mama yao, tozo ni yako bado. Mkiachana katikati ya mwaka zinahesabiwa zile wiki mlizokaa pamoja tu.

Wenye akili ya hesabu wanafanyaje? Wanashusha kipato kinachohesabiwa. Kubwa ni pensheni. Shemeji akiweka 8,000 zaidi kwenye pensheni, kwenye hesabu anarudi 60,000 na tozo inakuwa sifuri. Na tazama ilivyo tamu: hiyo 8,000 ingekatwa kodi ya asilimia 40, yaani 3,200, ongeza 900 ya tozo, kwa hiyo anachoumia mfukoni ni kama 3,900 wakati kwenye pensheni zimelala 8,000 zake. Tatizo lake hela hiyo huigusi mpaka 55, na kuanzia 2028 ni 57, kwa hiyo kama una deni linalokukaba koo sikushauri. Sadaka nayo inasaidia, ukitoa msikitini au kanisani na ukasaini fomu ya Gift Aid, ule mpango wa serikali wa kuongezea sadaka, ukitoa 800 inahesabika umetoa 1,000 na inapunguzwa kwenye kipato.

Wengine wanasema aa, usumbufu wa nini, bora nisiombe kabisa. Hapo ndo watu wanakosea vibaya. Kuomba posho na kupokea hela ni vitu viwili. Unajaza maombi kama kawaida halafu unachagua usilipwe, na tozo haipo kwa sababu hakuna kilichotoka. Faida yake ni kwamba mzazi aliyekaa nyumbani na mtoto chini ya miaka 12 anaandikiwa michango ya National Insurance, ile bima ya jamii ya Uingereza, kama vile anafanya kazi, na pensheni kamili ya serikali inataka miaka 35 ya michango. Mama aliyelea miaka 6 bila kuomba, hiyo miaka inaweza kuwa pengo uzeeni. Mtoto naye akikaribia miaka 16 namba yake ya National Insurance inakuja yenyewe. Na ukichelewa kuomba, wanakulipa ya nyuma miezi 3 tu.

Ila kwa ndugu zetu waliofika juzi kwa viza ya kazi, manesi na wa kulea wazee, soma viza yako kwanza, kama imeandikwa huruhusiwi fedha za umma basi hii kwa kawaida imo kwenye zilizokatazwa, usiombe kwa sababu tu jirani kaomba.

Kulipa tozo zamani ilikuwa lazima ujaze ritani, yaani fomu ya kodi ya mwaka, unajisajili kabla ya 5 Oktoba baada ya mwaka wa kodi kuisha na unatuma mtandaoni mpaka 31 Januari. Tangu 2025, kama kipato chako ni mshahara tu, unaweza kuomba mtandaoni wakukate kidogokidogo kwenye mshahara. Shemeji ana ile nyumba ya kupangisha kwa hiyo yeye ritani haimkwepi. Kaongeza pensheni, na mkewe bado anaingiziwa hela za posho, safari hii anamwonyesha simu kila zikiingia.