Marekani: ushindi wa kamari usio na fomu nao una kodi
Kwa miaka mingi watu wameambiana kwamba huko Marekani, kasino isipokupa fomu W-2G, yaani taarifa ya ushindi wa kamari inayopelekwa kwa mamlaka ya kodi, pesa uliyoshinda haina kodi. Si kweli. Kwa mwaka 2025, mashine ya sloti ilileta fomu hiyo kuanzia dola 1,200, lakini hicho ni kiwango cha kasino kutoa taarifa, hakimsamehei mtu kodi. Umeshinda dola 900? Ziandike kwenye Schedule 1, karatasi ya nyongeza ya fomu ya kodi ya mapato, mstari wa 8b.

Panapoumiza hasa ni kwenye hasara. Ukishinda 5,000 na kupoteza 6,000, huandiki sifuri: 5,000 zote zinaingia kwenye mapato, na hasara, isiyozidi hizo 5,000, hudaiwa kwenye Schedule A tu, karatasi ya kuorodhesha makato moja moja. Anayechukua punguzo la kawaida, yaani kiasi kimoja kilichopangwa badala ya kuorodhesha makato, haambulii kitu. Daftari la kumbukumbu za kamari ni muhimu: tarehe, mahali, mchezo, kiasi.