Je, wajua flashi ya GB 64 ni sawa na flopi ngapi? Sio 44,444

Watu wengi wakiulizwa hili swali wanafungua kalkuleta kwenye simu, 64,000 (MB za flashi) gawanya kwa 1.44 (MB za kwenye lebo ya flopi), inakuja 44,444 na pointi zake, basi wamemaliza. Wengine wanaanza kwa kuzidisha 64 mara 1024 ndo wagawanye, wanapata 45,511 na pointi zake. Jibu ni 43,403. Yaani wa kwanza kazidisha flopi elfu moja na ushee, wa pili kazidisha elfu mbili na ushee, na wote kugawanya wamegawanya vizuri tu. Shida ni ile 1.44 yenyewe.

Kwa ambao hawakuikuta, flopi ni ile diski bapa ya inchi 3.5, ganda la plastiki ngumu lenye kibati cha kuteleza, na ndani kuna kiduara laini chenye sumaku. Data zake zinakaa hivi: pande mbili, kila upande una njia 80 za mviringo, kila njia imekatwa sekta 18, kila sekta inabeba baiti 512 (baiti ni kama nafasi ya herufi moja). Zidisha zote, unapata baiti 1,474,560. Sasa ukisema MB ni baiti milioni moja kamili, hiyo ni MB 1.47. Ukisema MB ni 1024 mara 1024, inakuwa 1.41. Hiyo 1.44 iliyoandikwa kwenye lebo haipatikani kokote mpaka ugawanye kwanza kwa 1024, upate KB 1,440, halafu ugeuke ugawanye kwa 1000!

Chukulia soko la viazi. Kuna gunia lililoshonwa mdomo ukiwa flati, kuna lumbesa lenye kilemba juu, na kuna lingine limejazwa hapo katikati, lakini kwenye daftari yote yanaandikwa "gunia 1". Ukichukua hesabu ya mwenye magunia flati ukaigawa kwa hesabu ya mwenye lumbesa, namba utakayopata haina maana mpaka upandishe vyote kwenye mzani. MB nazo ziko hivyohivyo: ya flati ni baiti 1,000,000, lumbesa ni 1,048,576, na ya flopi ni 1,024,000, ambayo sijaona kifaa kingine maarufu kinachoitumia. Mzani wetu ni baiti, kwa hiyo kabla hujagawanya chochote shusha pande zote mbili ziwe baiti.

Flashi na diski za ndani ya kompyuta (hard disk) zinauzwa kwa gunia flati, GB 64 ni baiti bilioni 64 (kwa makadirio, maana kiwanda kinaweza kuzidisha au kupunguza kidogo). Windows inapima kwa lumbesa ila inaandika GB ileile, ndo maana ukichomeka flashi unaona 59.6 na mtu anarudi dukani na hasira kwamba kauziwa feki. Hakuna kilichoibiwa hapo, baiti ni zilezile. Na feki zipo kweli, lakini zenyewe mara nyingi zinaonyesha ukubwa uleule ulioandikwa kwenye pakiti, zinaumbuka pale unapoanza kuzijaza. Kompyuta za Apple toka 2009 zinahesabu flati, kwa hiyo flashi hiyohiyo ukiihamishia huko inasoma 64.

CD na DVD nazo hazipatani. CD ya MB 700 ni lumbesa, baiti 737,280,000, wakati DVD ya GB 4.7 ni flati. Mtu anayegawanya lebo kwa lebo anasema DVD moja ni CD 6.7, kumbe ni 6.4 hivi.

Turudi kwa flopi, maana hata 43,403 ni ya diski tupu kabisa. Ukishaifomati kwa ajili ya DOS (mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows) au Windows, sekta 33 kati ya 2,880 zinachukuliwa na sekta ya kuwashia, orodha ya mafaili na ramani ya nani kakaa wapi, kwa hiyo kwa mafaili ya kweli utahitaji flopi 43,906, na hapo tunachukulia faili linaweza kukatwa vipande likaendelea kwenye diski inayofuata. Kama una mafaili madogomadogo zitaongezeka tena, kwa sababu hata faili la baiti 10 linakalia sekta nzima ya 512. Flopi moja ina unene wa milimita 3.3, zipange zote juu kwa juu unakaribia mita 145.

Ukirudi nyuma zaidi mpaka kwenye kadi za kutoboa za IBM zenye safu 80 (kadi za karatasi ngumu, data ilikuwa ni matundu), hapo mzani wenyewe unaanza kubishaniwa. Kwa kawaida safu moja ilibeba herufi moja, kwa hiyo ukihesabu herufi moja kama baiti moja flashi yetu ni kadi milioni 800. Lakini kila safu ilikuwa na nafasi 12 za kutoboa, na kuna programu zilizotumia zote 12 kama biti (biti 8 ni baiti moja), hapo kadi moja inabeba baiti 120 na hesabu inashuka mpaka kadi milioni 533 na ushee.