Mtaalamu wa kairopraktiki wa michezo ni nani, na anafikaje hapo?

Neno kairopraktiki limetokana na maneno mawili ya Kigiriki: moja ni mkono, jingine ni tendo. Ni tiba ya mikono. Ilianza mwaka 1895 mjini Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, pale D. D. Palmer alipombonyeza mgongo Harvey Lillard, mfanya usafi aliyekuwa na tatizo la kusikia. Palmer aliamini kwamba karibu kila ugonjwa huanzia kwenye pingili za uti wa mgongo zilizohama. Imani hiyo haikuthibitika, na naitaja mapema kwa sababu bado wapo wanaoahidiwa miujiza kwa jina la tiba hii. Ushahidi ulio bora uko kwenye mambo ya kawaida zaidi, hasa maumivu ya mgongo wa chini.

Wa michezo, basi, ni yule anayeielekeza tiba hiyo kwa watu wanaokimbia, kurusha, kuruka na kugongana. Si daktari wa upasuaji, wala si kocha. Anachunguza jinsi mwili unavyosogea, analegeza viungo vilivyokaza, anakanda misuli na kupanga mazoezi ya kumrudisha mchezaji uwanjani.

Njia yake ni ndefu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 unataka mafunzo ya miaka 4 na saa zisizopungua 4,200, ambapo 1,000 kati yake ni za kutibu wagonjwa chini ya usimamizi. Nchini Marekani mtu huanza kwa masomo ya sayansi chuoni, kisha hupata shahada ya udaktari wa kairopraktiki, hufanya mitihani ya bodi ya taifa, na hatimaye hupewa leseni na jimbo. Baada ya hapo ndipo husomea michezo. Kimataifa, shirikisho la kairopraktiki ya michezo, FICS, lililoanzishwa mwaka 1987, hutoa cheti cha fani hiyo.

Lakini cheti peke yake hakimpeleki mtu kwenye timu. Wengi huanzia pembeni mwa uwanja, kwenye mashindano ya shule na mbio za mwishoni mwa wiki, mara nyingi bila malipo, hadi makocha wawafahamu. Milango mikubwa ilichelewa kufunguka: ni mwaka 1980 ndipo mtaalamu wa kairopraktiki, George Goodheart, alipokuwa na kikosi cha matibabu cha Marekani kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Lake Placid.

Pembeni mwa uwanja ndiko ninakopima ubora wa mtaalamu huyu. Mchezaji akigongwa kichwa, akaanguka na kulalamika shingo, aliyefunzwa vizuri haigeuzi shingo ile hata kidogo. Anamtuliza asijitikise, anachunguza dalili za mtikisiko wa ubongo, anaita gari la wagonjwa. Hata kliniki, kunyoosha shingo kwa nguvu kumehusishwa na kuchanika kwa mshipa wa damu wa shingoni, jambo nadra linaloweza kuleta kiharusi, kwa hiyo huuliza kwanza kuhusu kizunguzungu, kuona kitu kimoja kama viwili na maumivu mapya ya kichwa. Akiona dalili hizo, anamkabidhi mchezaji kwa daktari wa timu, hata kama mechi ya fainali ni kesho na kocha amesimama mlangoni.