Saratani ya utumbo mpana kwa aliyepandikizwa figo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu aliyepandikizwa figo huwa na jibu tayari kwa kila dalili. Akiharisha, ni mikofenoleti, mojawapo ya dawa zake za kupunguza kinga. Damu ikipungua, ni mambo ya figo. Choo kikiwa kigumu, ni ule unga wa kushusha potasiamu. Akiona damu chooni, ni bawasiri au ameba. Mara nyingi jibu hilo huwa sahihi, na ndiyo maana saratani ya utumbo mpana hupata pa kujificha kwa miezi mingi.

"Kansa imekuja na figo niliyopewa."

Saratani kutoka kwa mtoaji hutokea, lakini kwa nadra sana. Hii ya utumbo huanzia kwenye utando wa utumbo wako mwenyewe, kama kijinyama kidogo kiitwacho polipu, ambacho kwa kawaida huchukua miaka kama 10 kugeuka saratani. Dawa za kupunguza kinga huulegeza ulinzi ambao ungezitambua seli zilizoharibika na kuziua mapema. Kwa jumla, waliopandikizwa figo hupata saratani mara 2 hadi 3 kuliko watu wengine. Kwa utumbo mpana ongezeko ni dogo kuliko la saratani ya ngozi au limfoma (saratani ya chembe za limfu), ila huonekana zaidi upande wa kulia wa utumbo. Huko kinyesi bado ni majimaji, hivyo njia haizibi mapema, na damu huchanganyika nacho isionekane kwa macho. Dalili ya kwanza mara nyingi ni uchovu na upungufu wa damu tu.

"Damu yangu iko chini kwa sababu ya figo."

Hii ndiyo dhana tunayoiogopa zaidi. Figo mpya inayofanya kazi hutengeneza homoni ya erithropoietini, na hemoglobini hupanda ndani ya miezi michache. Ikiwa kreatinini, yaani taka ya damu inayoonyesha figo inavyochuja, imetulia na hemoglobini inashuka, mwombe daktari apime feritini, yaani akiba ya madini ya chuma. Mikofenoleti na Septrin zinaweza kupunguza damu kwa kulemea uboho, lakini hazimalizi akiba ya chuma. Feritini ikiwa chini kwa mwanamume, au kwa mama aliyekwisha koma hedhi, huenda damu inavuja mahali, na mahali pa kwanza pa kutafuta ni tumboni. Kupewa vidonge vya chuma pekee na kurudishwa nyumbani hakutoshi.

"Damu chooni ni bawasiri, au ni ameba."

Jijini Nairobi hatua ya kwanza kwa wengi ni duka la dawa: metronidazoli kwa siku tano, na diklofenaki kidogo kwa maumivu. Kwa aliyepandikizwa, diklofenaki na ibuprofeni huumiza figo moja kwa moja. Metronidazoli nayo inaweza kupandisha kiwango cha takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo. Hata kuharisha kwenyewe hukipandisha, kwa sababu utumbo uliochubuka huacha dawa nyingi zaidi iingie kwenye damu.

Utaratibu ulio salama ni huu: choo kipimwe kwa hadubini kabla ya dawa yoyote. Ikiwa umeishi Mwea au kando ya Ziwa Victoria, sema, kwani kichocho cha utumbo pia huleta damu. Ukiharisha zaidi ya siku mbili, kiwango cha takrolimasi na kreatinini vipimwe, na virusi vya CMV vitafutwe. Bawasiri inaweza kuwepo pamoja na saratani kwa mtu yuleyule, kwa hiyo kuiona bawasiri si sababu ya kuacha kutazama juu yake. Prednisoloni, dawa nyingine ya kupunguza kinga, nayo hufunika maumivu: utumbo unaweza kutoboka na tumbo likauma kidogo tu.

"Basi nipunguze dawa mwenyewe."

Usifanye hivyo. Mwili unaweza kuanza kuikataa figo bila maumivu yoyote, na mkojo ukipungua kreatinini imeshapaa. Daktari wa figo anaweza kushusha dozi au kubadilisha dawa akiongozwa na vipimo vya damu. Hilo hufanywa kliniki.

Vivyo hivyo na dawa za kuongeza kinga na zile za kusafisha tumbo zinazouzwa mitaani na mitandaoni. Anayekunywa takrolimasi ili kinga itulie hana haja ya kitu cha kuiamsha. Mitishamba ya kuendesha humkausha maji, na figo moja haina akiba ya kuchezea.

"Kipimo cha choo kilitoka safi."

Kipimo cha kutafuta damu iliyofichika kwenye choo ni kizuri kwa mtu asiye na dalili. Mwenye dalili asikitegemee peke yake, anahitaji kolonoskopi, yaani kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa kutazama utumbo mpana. Kwa kipimo cha choo, sampuli ichukuliwe kabla kinyesi hakijagusa maji ya choo wala mkojo, kijiti kichovywe sehemu kadhaa tofauti, na ipelekwe maabara upesi. Chupa iliyoachwa kwenye gari juani mchana kutwa hupoteza hemoglobini, na jibu hutoka safi kwa uongo. Kikitoka na damu usikirudie kutafuta jibu jingine; hatua inayofuata ni kolonoskopi.

Kuhusu umri, Marekani iliushusha umri wa kuanza kupimwa kutoka 50 hadi 45 mwaka 2021. Ambaye mzazi au ndugu yake wa tumbo moja amepata saratani hii huanza mapema zaidi, kwa kawaida akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu huyo aligunduliwa nao.

"Kolonoskopi itaniharibia figo."

Kamera yenyewe haiigusi figo. Hatari iko kwenye dawa ya kuosha utumbo. Zile za fosfeti ya sodiamu hazifai kabisa kwa mwenye figo dhaifu wala kwa aliyepandikizwa, kwani fosfeti huganda kwenye mirija ya figo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kuihusu mwaka 2008. Dai dawa ya polietilini glaikoli, inayopita tumboni bila kuvuruga chumvi za mwili sana. Dozi ya kawaida ni lita 4: mbili jioni, na mbili zikiwa zimebaki saa nne hadi sita kufika kolonoskopi, glasi moja kila dakika 10 hadi 15.

Siku mbili au tatu kabla, acha sukuma wiki, githeri, maharagwe, njugu, mapera na makarakara. Kula wali mweupe, ugali wa unga uliokobolewa, mayai, samaki, viazi vilivyomenywa. Siku moja kabla ni vinywaji vinavyopitisha mwanga tu: strungi, supu ya kuku iliyochujwa, maji. Uji na maziwa hapana, na chochote chekundu hapana, kwa sababu huonekana kama damu. Vidonge vya chuma visimame siku saba kabla.

Takrolimasi na prednisoloni hazirukwi. Zimeze saa yako ile ile kwa maji kidogo, angalau saa moja mbali na dawa ya kuosha, zisije zikapita nayo. Ukitapika, piga simu kliniki ya figo. Uliza mapema kuhusu dawa za presha, za kukojosha na insulini, maana baadhi husimamishwa siku hiyo.

Halafu kuna safari. Anayetoka Kitengela au Ruiru na kupewa miadi ya saa mbili asubuhi atalazimika kunywa lita mbili za mwisho usiku wa manane kisha apande matatu. Wengi huiacha nusu, utumbo unabaki na uchafu na polipu hazionekani. Omba miadi ya saa sita mchana, au lala kwa jamaa aliye karibu na hospitali.

Ukiondolewa polipu kisha tumbo likauma au homa ikapanda, rudi siku hiyo hiyo.

"Nikipatikana nayo, hakuna matibabu."

Yapo. Upasuaji ni ule ule, lakini mpasuaji lazima ajue figo mpya iko wapi: kwa kawaida chini ya tumbo upande wa kulia, jirani kabisa na mwanzo wa utumbo mpana. Mbebee ripoti ya upandikizaji. Anayetumia sirolimasi, dawa nyingine ya kupunguza kinga, hubadilishiwa kabla ya kupasuliwa, kwani huchelewesha vidonda kupona. Kapesitabini, dawa ya saratani, hupunguzwa dozi figo ikichuja kati ya mililita 30 na 50 kwa dakika, na chini ya 30 haitolewi. Dawa mpya za saratani zinazoamsha kinga ndizo zenye mtihani mgumu: takriban wagonjwa 4 kati ya 10 waliopandikizwa wanaozitumia hupata tatizo la mwili kuikataa figo.

Na ikiwa figo ulipewa na kaka au dada yako, mwambie umegunduliwa na nini, ukiwa na miaka mingapi. Sasa naye ana ndugu wa tumbo moja mwenye saratani hii, na amebaki na figo moja: apimwe mapema, na naye akatae dawa ya fosfeti.