Kumnyima kirusi mshiko: sukari, DC-SIGN na hatari ya kuziba pasipotakiwa

Protini ya nje ya VVU, gp120, imefunikwa na sukari nyingi mno: karibu nusu ya uzito wake ni sukari, na sehemu kubwa ni manosi. Kirusi hakizitengenezi chenyewe. Huunganishiwa na seli ya binadamu ambamo kimezalishwa, ndiyo maana kinga ya mwili hupata tabu kukitambua kuwa ni kigeni.

Mimi nashughulika na kazi ya pili ya sukari hizo. Seli dendriti, zinazolinda ngozi na utando laini wa mwili, zina kipokezi kiitwacho DC-SIGN, jina kilichopewa mwaka 2000 na watafiti wa Nijmegen, Uholanzi. Kwa msaada wa kalisiamu, kipokezi hiki hushika manosi na fukosi (sukari nyingine) zilizo juu ya vijidudu, kisha seli huvimeza na kuelekea kwenye tezi za limfu. VVU hudandia safari hiyo. Vingi husagwa njiani, lakini vinavyosalimika hufikishwa palipojaa seli za kinga za CD4, ndizo hasa vinazozitafuta.

Virusi vya dengue na Ebola navyo hushika DC-SIGN. Kwa Ebola, kipokezi hiki hukishikilia tu kirusi juu ya seli; kinachokiruhusu kupenya ni protini nyingine, NPC1, iliyo ndani ya seli.

Basi tukizibe kipokezi cha DC-SIGN kwa manosi? Tatizo ni kwamba manosi moja hushika kwa udhaifu mkubwa. Ni kama kishona nguo: mbegu moja unaipangusa bila hata kuiona, lakini ukitoka porini suruali imejaa, utakaa chini kuzing'oa. DC-SIGN ina vichwa vinne vinavyoshika kwa pamoja, na kirusi kina sukari za kuvitosha vyote. Kizuizi nacho lazima kiwe na sukari nyingi, tena zilizopangwa kwa nafasi inayofaa. Mwaka 2016 timu yenye wanakemia wa Uhispania na Ufaransa ilichapisha kazi ninayoipenda sana: tufe 13 za kaboni, fulereni, zilizounganishwa na kubeba manosi 120. Katika maabara, kiasi kidogo mno kilitosha kuzuia kirusi cha mfano kilichovalishwa protini ya Ebola.

Hata hivyo, sisifu kizuizi chochote cha VVU kabla ya kuuliza kinaifanya nini langerini. Hiki ni kipokezi cha seli za Langerhans, seli za kinga za ngozi zilizomo pia kwenye utando wa sehemu za siri. Nacho hushika manosi, ila hukiingiza kirusi ndani na kukiharibu. Hilo lilionyeshwa mwaka 2007. Ukiziba vyote viwili umemwondolea mgonjwa kinga yake mwenyewe! Afadhali langerini ina vichwa vitatu, na mahali pake pa kushikia sukari pametofautiana kidogo na pa DC-SIGN. Ndiyo sababu baadhi ya wanakemia wanaunda molekuli zinazofanana na manosi lakini zinazokaa vizuri kwenye DC-SIGN peke yake.

Kuna pia njia ya kuviacha vipokezi na kukifuata kirusi chenyewe. Grifithsini, protini iliyogunduliwa kwenye mwani mwekundu, hung'ang'ania manosi za gp120, na imeshafika kwenye majaribio ya awali ya usalama kwa binadamu. Kirusi kinaweza kubadilika na kupunguza sukari zake ili kiikwepe, lakini kila sukari kinayoiacha huweka wazi sehemu ya gp120 ambayo kingamwili zinaweza kuifikia.