Picha ya ubongo inaonyesha nini kwa mzee mwenye sonona?

Swali tunaloulizwa sana kwenye kitengo chetu ni hili, "daktari, si mumpige tu mzee picha ya ubongo tujue kama serotonini imeisha?" Jibu fupi ni kwamba hakuna picha inayopima serotonini, ile kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, imebaki kiasi gani kichwani. Kinachopimwa ni vipokezi, yaani zile protini zilizokaa kwenye ukuta wa seli za neva zinazoipokea serotonini, na viko vya aina kama 14 hivi. Kwa wazee wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito (depression), kinachofuatiliwa sana ni kile kinachoitwa 2A.

Kipimo chenyewe ni skani ya PET, picha inayopigwa kwa kufuata mionzi ndani ya mwili. Unachomwa kwenye mshipa dawa kidogo sana yenye mionzi, mfano altanserini, inaenda kujishika kwenye vipokezi vya 2A halafu mashine inasoma mionzi inatokea wapi. Nguvu ya ile mionzi inapungua nusu kila baada ya dakika 110 hivi, kwa hiyo dawa haiwezi kukaa stoo, inatengenezwa siku hiyohiyo na mgonjwa awe tayari. Halafu ndo kazi inaanza, mzee analala chali, kichwa kimeshikiliwa kisicheze, wakati mwingine saa moja na nusu, na mwenye mgongo mbovu dakika ya 40 tu ashaanza kuomba ageuke, na akigeuza kichwa hata milimita chache picha inachafuka. Watu wanadhani ugumu uko kwenye kompyuta, kumbe uko kwenye godoro.

Sasa majibu yake. Vipokezi vya 2A vinapungua vyenyewe kadri umri unavyoenda, hata kwa mzee mwenye furaha zake, kwa hiyo huwezi kumlinganisha babu wa miaka 75 na kijana wa 25 ukasema umegundua ugonjwa. Mwaka 1999 watafiti wa Pittsburgh walilinganisha wazee wenye sonona na wenzao wa rika lao wasio nayo, hawakuona tofauti ya maana, waliopungukiwa walikuwa wale wenye Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Mwaka 2004 timu ya Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, wao wakakuta kwa wazee wenye sonona vipokezi vimepungua kwenye hipokampasi, sehemu inayohusika sana na kumbukumbu. Nani mkweli? Mimi naona wote, ila walipima watu wachache, na kila timu ina namna yake ya kuchakata picha.

Na hapo kwenye kuchakata ndo pana mtego. Ubongo wa mzee unasinyaa, nafasi inajaa maji, na PET haioni vitu vidogo vizuri, ni kama picha ya simu ukiivuta sana rangi ya jirani inaingia kwa mwenzake. Eneo lililosinyaa linaonekana lina vipokezi vichache wakati pengine ni nyama yenyewe ndo imepungua. Ndo maana mzee anapigwa picha ya MRI pia, ile ya sumaku inayoonyesha umbo la ubongo, hesabu zirekebishwe. Kuna dawa za kutibu akili na sonona pia, quetiapine, olanzapine, mirtazapine, zote zinakaa kwenye vipokezi hivyohivyo na kuharibu kipimo, hivyo wanaoshiriki utafiti wanapangiwa na daktari kuwa bila dawa kwa muda. Usije ukamwachisha mzazi wako dawa nyumbani kisa umesoma hapa!

Kwa hiyo ukiniuliza kama umlipie mzee PET ya vipokezi ili ajulikane ana sonona, nitakwambia hapana, hicho bado ni chombo cha utafiti. Sonona inapimwa kwa maongezi, na kwa wazee inajificha, wengi hawasemi nina huzuni, wanasema mwili unauma, usingizi hauji, chakula hakina ladha, nasahausahau. Hayo yakipita wiki mbili mpeleke kliniki na daftari la dawa zote anazokunywa, na damu ipimwe, maana tezi ya shingo ikizembea au vitamini B12 ikipungua dalili zinafanana kabisa.