Usiku hauipi redio nguvu

Mchana redio ya nyumbani kwetu Tanga ilikuwa na stesheni tatu kwenye masafa ya kati, nne ukibahatika. Baada ya Magharibi ilijaa. Ukiusogeza mshale taratibu, kila hatua ndogo palikuwa na mtu anazungumza: Kiarabu, Kisomali, Kifaransa, Kihindi, kisha muziki usiojua unatoka nchi gani. Kila mkubwa pale nyumbani alikuwa na maelezo yake, na mengi niliyoyasikia utotoni nayasikia mpaka leo. Jambo lenyewe ni zuri mno kuachwa lielezwe vibaya.

La kwanza, na ndilo linalorudiwa zaidi: eti usiku stesheni huongeza nguvu ya mitambo ili zifike mbali. Marekani mambo ni kinyume kabisa. Huko stesheni nyingi za AM, yaani za masafa ya kati, hulazimishwa na sheria kupunguza nguvu jua likizama, nyingine kuelekeza matangazo upande mmoja tu, na baadhi kuzima hadi asubuhi. Sababu ni kwamba usiku zinafika mbali mno hata zikaingiliana na wenzao wa majimbo mengine. Kati ya 1934 na 1939 stesheni ya WLW ya Cincinnati ilirusha kwa kilowati 500, mara kumi ya kiwango cha juu kinachoruhusiwa huko leo, na malalamiko ya kuingilia wengine yakatoka hata Kanada. Mtambo wa kilowati 50 ni wa kilowati 50 saa sita mchana na saa sita usiku. Kinachobadilika ni njia.

Wapo wanaosema ni hewa: usiku imepoa na kutulia, kwa hiyo sauti husafiri mbali. Hili lina nusu ya ukweli, ndiyo maana halifi. Ngoma ya kijiji cha pili kweli husikika vizuri zaidi usiku, kwa sababu hewa ya chini ikiwa baridi kuliko ya juu huipinda sauti irudi ardhini. Lakini kinachosafiri kutoka mnarani si sauti. Ni wimbi la umeme na sumaku, ndugu wa mwanga, linalokwenda kilomita 300,000 kwa sekunde na halihitaji hewa hata kidogo. Sauti inazaliwa kwenye spika, chumbani mwako. Na wanaosema usiku watu wamelala, basi mawimbi hayana msongamano, wanafikiria barabara. Wasikilizaji milioni wakifungua redio, wimbi halipungui hata chembe kwa huyo wa milioni moja na moja.

Basi nini hutokea? Mchana mionzi ya jua isiyoonekana, ya urujuanimno na ya eksirei, hupasua chembe za hewa ya juu sana na kuacha elektroni zikirandaranda. Eneo hilo ndilo ionosfia, nalo lina matabaka. La chini huitwa D, kilomita 60 hadi 90 hivi juu ya vichwa vyetu. Juu yake kuna E, kisha F. Hayo mawili ya juu hulikunja wimbi la masafa ya kati na kulirudisha duniani, mamia au maelfu ya kilomita kutoka lilikoanzia. Ila ili kuyafikia, wimbi lazima lipite D, na mchana D ndiyo inayolimeza. Kule chini hewa bado ni nzito kiasi: elektroni iliyotikiswa na wimbi hugonga chembe za jirani kabla haijarudisha ilichopokea, na nguvu yote huishia kuwa joto.

Jua likishuka, elektroni za D hunaswa upesi na chembe zilizosongamana kando yake, na tabaka linatoweka. Kule F hewa ni haba, elektroni hukosa wa kuzinasa, kwa hiyo F hudumu hadi alfajiri. E nayo hudhoofika, lakini hubaki kiasi cha kutosha kazi hii. Kwa hiyo usiku hauongezi kitu. Unaondoa. Wimbi lile lile lilikuwa likipanda mbinguni mchana kutwa, likimezwa. Nilipolielewa hili kwa mara ya kwanza niliitazama redio ile kwa macho mengine.

Hayo hayakubuniwa mezani tu. Mwishoni mwa 1924 mwanafizikia Mwingereza Edward Appleton na mwanafunzi wake Miles Barnett waliomba mtambo wa BBC wa Bournemouth ubadilishe masafa kidogo kidogo baada ya matangazo ya usiku kumalizika, wakapima kilichopokelewa Oxford. Wimbi la ardhini na lile lililorudi kutoka juu yalikuwa yakisaidiana na kupingana kwa zamu, na kwa kuzihesabu zamu hizo wakapata kimo cha dari lenyewe, yaani tabaka linalolirudisha wimbi: takriban kilomita 100. Appleton alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1947.

Dari la kilomita 100 linaweza kulirusha wimbi hadi kilomita 2,200 hivi kwa mruko mmoja. Pima kwenye ramani: Dar es Salaam hadi Djibouti ni kama kilomita 2,000. Kule kulikuwa na mtambo wa kilowati 600 kwenye 1431 kilohezi uliorusha Radio Sawa, idhaa ya Kiarabu ya serikali ya Marekani. Mpwani aliyekuta Kiarabu safi usiku akadhani kinatoka Unguja alikosea kwa mruko mmoja wa mbinguni.

Redio ya Zanzibar yenyewe, kwenye 585 kilohezi, ilikuwa ikifika kwa njia nyingine. Mchana wimbi hutambaa juu ya uso wa dunia, na maji ya chumvi hulibeba vizuri kuliko nchi kavu. Watu wa mwambao wanalijua hili bila kufundishwa.

Kisha kuna suala la betri. Stesheni ya mbali husikika dakika mbili kama iko mtaa wa pili, halafu inazama, inakoroma, inaibuka tena. Wengi hukimbilia kugonga redio au kuhamisha betri. Redio haina kosa. Wimbi limefika kwa njia mbili au tatu, kila moja na urefu wake, na dari nalo halitulii: njia zikikubaliana sauti hupanda, zikipingana huzama. Huo ndio mchezo ule ule aliouhesabu Appleton.

Na antena? Kila nyumba ina mtu wa kuvuta ule mkonga wa chuma hadi mwisho. Kwenye redio nyingi za mkononi mkonga huo ni wa FM na masafa mafupi. Fungua kifuniko cha nyuma utaiona antena ya AM: kijiti cheusi cha feriti (aina ya kauri yenye chuma), kimezungushiwa waya mwembamba wa shaba, kimelala kwa mlalo kando ya juu. Hicho kina upande. Ncha yake ikielekea mnara, stesheni inafifia. Ubavu ukielekea, inajaa. Stesheni mbili zikigombana mahali pamoja, weka redio mezani uizungushe polepole kama unavyogeuza sahani. Itafika pembe moja ya kwanza itazama na ya pili itatokea peke yake.

FM haimo katika habari hii. Megahezi 88 hadi 108 kwa kawaida hupenya matabaka yote na kupotelea angani.

Siku hizi nasikia pia kwamba mbingu zimebadilika, ndiyo maana usiku haushiki kama zamani. Mbingu ziko pale pale. Mitambo ndiyo inayozimwa: stesheni ya Beromünster ya Uswisi ilinyamaza mwishoni mwa 2008, Radio France iliacha masafa ya kati mwishoni mwa 2015. Na ndani ya nyumba tumejaza chaja na taa za LED, vingi vikinguruma kwenye masafa hayo hayo.

Toka nazo redio na betri, mbali na nyaya za umeme. Usianze jua linapogusa upeo. Kule kwenye kilomita 80, kwenye tabaka la D, bado linaonekana kwa nusu saa na zaidi. Saa moja na nusu usiku anza kusogeza mshale. Na kama una subira, amka kabla ya alfajiri urudi kwenye stesheni zile zile. Za India hutangulia kuzama, kwa kuwa jua limeshawafikia wao. Za Kongo, upande ambao bado kuna giza, ndizo za mwisho kuondoka.